Masikio Yaonekane

Kaa wima. Tazama hapa. Funga mdomo.
Masikio yaonekane.
Miaka kumi na minane nayasema haya
Konde, mlango wa tatu baada ya kinyozi,
mbele ya shuka nyeupe niliyoiunguza kwa pasi;
tundu lake hufichwa na kichwa cha kila mteja.

Msimu wa karafuu ndio msimu wangu.
Noti zina harufu ya makonyo,
na kila kijana anataka picha nne, haraka,
kwa ajili ya Maskati, kwa ajili ya meli,
kwa ajili ya popote pasipokuwa hapa.
Nami huwashika sekunde moja: usicheke.
Serikali haitaki meno.

Kamera kubwa niliinunua kwa Bwana Mbarouk wa Wete,
lenzi ndefu kama mchi,
pembeni imeota ukungu, kama mtoto wa jicho.
"Hii si ya watu," alisema, "hii ya ndege."
Nikarudi nayo nimeipakata.
Mama akauliza ni ya nani.

Jumatano ile, baada ya isha, Ngezi.
Mpwa wangu Hija kabaki barabarani na vespa.
Mlinzi, Kombo Shaame, alininyang'anya tochi
akaifunga kitambaa chekundu cha kanga kuukuu.
"Nyamaa. Tena usinmulike na mimeta yako hiyo;
akiungua macho leo, kesho hali."
Mimi, niliyelelewa kutupa chumvi motoni
kila sauti hii ikilia juu ya paa,
nimelipa elfu tano niisogelee.

Hu.
Halafu kimya cha kuhesabu hadi tatu.
Hu.
Perere akajibu kwa kelele za mlango mkavu,
matone yakaanguka kwenye miwale,
mbu wakala kila pale mtandio ulipokoma.
Saa nzima. Na nyingine.
Nilipiga mpapindi. Nilipiga giza.
Nilipiga kidole changu mwenyewe,
kikatoka vizuri, chekundu.

Ndipo Kombo akanigusa bega kwa kijiti.
Kwenye mvule, kimo cha dirisha la ghorofa,
bundi: mdogo, mdogo kuliko uchuro wake,
anaenea kwenye bakuli la uji,
rangi ya kutu, kama bati la paa letu.
Amekaa wima.
Anatazama hapa.
Mdomo kaufunga.
Sijawahi kupata mteja wa namna hii.
Masikio tu ndiyo hayakuonekana,
na mdomo wangu, kwa mazoea,
ulishaanza kumwambia.

Bonyezo moja. Akageuza kichwa chote,
kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya pili,
akaenda. Bila hata upepo.

Asubuhi nilimkata vipande vinne,
sentimita tatu na nusu kwa nne na nusu.
Nyuma yake si shuka, ni Ngezi nzima,
nyeusi, haina tundu.
Mama alizishika mbali na uso, kama barua ya deni.
Hakutafuta chumvi.
"Huyu naye," akauliza, "anakwenda wapi?"

Droo ya chini ina picha ambazo wenyewe
hawakurudi kuzichukua:
Asaa binti Khatib, ndoa ilimuwahi kabla ya safari;
wale mapacha wa Makangale;
na kaka yangu Faki, shati la kuazima,
kicheko kimemponyoka.
Hiyo ilikataliwa, ndiyo maana ninayo.
Ile nyingine, isiyo na meno, iliondoka naye.

Nimemlaza bundi juu ya Faki,
uso kwa uso,
kisha nikaisukuma droo polepole,
isilie.